Geti Linalofunguka Nje

Idara ya Uunganishaji wa Kidijitali ina fahari kuu kuwatangazia wananchi kwamba lango la masafa marefu limesimama tayari kilimani, juu ya Ikonge, na kwamba limejengwa kwa kufuata taratibu zote, zikiwemo zilizobuniwa baadaye.

Tangazo hilo liliandikwa na Thadeus Omwenga, Kaimu Mkurugenzi, na kila alipofika kwenye neno "Kaimu" aliliandika kwa herufi ndogo kidogo. Alikuwa amekaimu muda mrefu hata majirani walidhani Kaimu ni jina la babake. Sasa Katibu wa wizara alikuwa anakuja kutoka Nairobi. Uzinduzi ukienda vizuri, Thadeus angethibitishwa. Ukienda mrama, angerudishwa stoo ya vifaa, kuhesabu viti vibovu.

Mradi wenyewe, kwa asili, ulikuwa kisanduku cheupe chenye antena. Unakifunga juu ya mlingoti mahali pa wazi, nacho kinanasa habari zinazotumwa hewani na vihisi vilivyochomekwa kwenye mashamba ya chai, hata ya mbali kule Nyamache: udongo umekauka, udongo umelowa. Waliokitengeneza walikiita gateway, aina ya kufungwa nje. Lakini sheria inataka wananchi washirikishwe kwa lugha wanayoielewa, basi Thadeus, aliyewahi kupata zawadi ya Kiswahili shuleni, akatafsiri mwenyewe: lango la nje.

Kwenye baraza pale sokoni, mkulima mmoja aitwaye Gesare akainua mkono.

"Mkubwa, hii geti itafunguka ndani ama nje?"

Thadeus angeweza kueleza palepale. Lakini machifu walikuwa wanamtazama, na mtu anayesubiri kuthibitishwa hababaiki mbele ya machifu. Akachungulia karatasi yake.

"Imeandikwa nje," akasema. "Itafunguka nje."

Watu wakapiga makofi. Jambo likishapigiwa makofi barazani huwa ni sera, na sera haifutwi kwa sababu tu ni kosa.

Ikaundwa Kamati ya Lango. Ikajadili rangi, kufuli na sare ya askari. Valentine, fundi wa mitambo, alijaribu kuirudisha njiani.

"Boss, hiki kinashika mawimbi tu. Hakuna mtu anapita hapo."

"Kinaitwaje?"

"Gateway."

"Basi tusibishane na waliokitengeneza."

Likajengwa geti la chuma, refu, la kijani. Ua haukujengwa kwa kuwa ua ni wa idara nyingine. Geti likasimama peke yake kwenye nyasi, mlingoti na kisanduku vikiwa nyuma yake, na ng'ombe wakalizoea upesi, wakawa wanalizunguka. Naibu wa Thadeus, Momanyi, ambaye naye alikuwa kaimu, alionekana akilizunguka pia, na Thadeus akaingiwa na wasiwasi kwamba atamtangulia kulizindua. Akabandika tangazo: geti lisifunguliwe ila kwa amri ya Mkurugenzi aliyethibitishwa, makaimu wasimsumbue askari. Aliliandika akijiona tayari yuko kwenye kiti.

Siku ya uzinduzi Katibu akashuka garini, mama wa watu mwenye haraka zake. Kwaya ikaimba. Thadeus akamgeukia Onyiego, askari wa geti.

"Fungua."

"Yaya," Onyiego akakataa kwa Kikisii, kisha akaona wageni. "Haiwezekani, mkubwa. Wewe ni kaimu."

"Hilo tangazo niliandika mimi."

"Ndiyo maana nalifuata."

Thadeus akamwinamia Katibu, akanong'ona kwamba akithibitishwa hapo hapo, geti litafunguka mara moja.

"Siwezi kukuthibitisha kabla mradi haujaanza," Katibu akasema. "Huo ndio utaratibu."

Thadeus aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Wakati huo Gesare akapita na kikapu chake cha majani ya chai mgongoni.

"Mama, pita huku tu," akamwambia Katibu. "Sisi wote hupitia huku."

Katibu akainua upindo wa sketi, akalizunguka geti. Machifu wakafuata, kwaya ikafuata, Momanyi akiwa amebeba mkoba wa Katibu. Thadeus hakuweza kufuata. Kulizunguka kungekuwa kukiri mbele ya umma kwamba halizuii kitu. Akasimama mbele ya geti wima, pua yake karibu iguse chuma.

Upande wa pili Valentine akawasha kisanduku, akatazama simu yake. "Nyamache inasema udongo umelowa."

Makofi yakapigwa. Thadeus naye akapiga, peke yake.

"Katibu," akaita, "sasa mradi umeanza."

"Umeanza," sauti ya Katibu ikajibu. "Na ninahitaji mkurugenzi aliye upande huu. Bwana Momanyi, nimekuthibitisha. Toa amri yako ya kwanza."

"Onyiego, fungua," Momanyi akasema.

Onyiego akazunguka hadi upande wa Momanyi, akafungua kufuli, akasukuma kwa nguvu zote za mtu aliyepata amri halali. Geti likafunguka nje, kama ilivyoahidiwa barazani, likamchukua Thadeus kifuani na kumkalisha kwenye nyasi walipolala ng'ombe.

Gesare akatua kikapu, akamtazama kwa huruma.

"Lakini mimi nilikuuliza," akasema.