Kikombe cha Mzinga wa Marehemu

Jumatatu, 4 Machi
Mtu haingii nyumbani kwa watu akashikashika vitu kabla ya kusalimu! Nimemwambia hivyo yule bibi wa makumbusho. Akaomba radhi. Vizuri.

Amekuja kuutazama mzinga wa marehemu mume wangu. Mdogo, urefu wa mkono wangu, umekaa juu ya chuma na unageuka huku na huku. Zamani ulifungwa ukingoni mwa meli, baharia mmoja akiuelekeza kwa adui. Marehemu aliung'oa kwenye meli kuukuu aliyokuwa akiibomoa. Mimi huanika matambara juu yake.

Bibi akasema watauweka ndani ya kioo, na kibao chenye jina la marehemu. Macho yakanitoka maji. Vumbi tu! Kisha akasema una upungufu. Nyuma kuna tundu, huingia kikombe cha chuma chenye mkono, ndimo baruti ilimotiwa. Bila kikombe hawauchukui. Atarudi Ijumaa.

Kikombe! Wifi yangu anapondea vitunguu saumu humo miaka ishirini sasa. Nilimpa mwenyewe, nikidhani ni kinu!

Jumanne, 5 Machi
Nimemwambia wifi kinu kile kina kutu, kitamuua. Akauliza: kwa hiyo nilipompa nilitaka afe? Nimekunywa chai yake, nikaondoka.

Jumatano, 6 Machi
Mpango mwingine. Nimekwenda na kinu cha mbao ndani ya kikapu. Wifi alipotoka kuanua nguo, nikabadilisha. Kizito jamani! Kikaniponyoka, kikatua juu ya mguu wangu. Yowe nililopiga!

Wifi kaja mbio. Kanikanda kwa maji ya moto huku akinitukana. Akauliza mwizi gani huyu anaacha kinu kipya. Nikasema kweli yote. Akasema ningeomba tu. Marehemu alikuwa kaka yake kabla hajawa mume wangu.

Ijumaa, 8 Machi
Kikombe kimeingia sawasawa! Kinanuka saumu, lakini kimeingia. Wifi akaomba naye atajwe kibaoni, yeye mtunza kikombe. Mbele ya bibi wa makumbusho nikasema ni haki yako, wifi. Tukakumbatiana.

Jumamosi, 9 Machi
Nimefikiri. Nimemwandikia bibi wa makumbusho barua: jina la wifi liwekwe nyuma ya kibao, herufi ndogo, kisha kibao kigongomewe ukutani.

Mguu bado umevimba. Barua ataipeleka wifi. Bahasha sina, nimeikunja mara mbili. Nimemwambia: nenda moja kwa moja, na usisome!