Maneno Niliyoyamwaga Nje ya Jiko la Ukweni

Jamani, leo nimeaibika. Tena ukweni. Naandika kwa haraka, kwa hiyo herufi zikipishana mnisamehe.

Mke wangu Zaina aliondoka nyumbani kwetu Mnyuzi siku ya Jumatano, akaenda kwao Kwaluguru. Hatukupigana. Hatukutukanana. Jumanne alivaa gauni jipya la kwenda harusini, akasimama mlangoni, akaniuliza, "Nimependeza?" Mimi nikamjibu, "Utachelewa." (Najua. Msinianze.) Aliporudi jioni amenuna, nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu. Sasa mimi mtu akiniambia hakuna kitu, naamini hakuna kitu. Nikala, nikalala. Asubuhi nikakuta begi limeshafungwa.

Toka hapo akanitumia ujumbe mmoja tu kwenye simu: "Nitarudi siku utakayosema kitu." Baba yangu naye akanikumbusha kwamba ikifika Jumapili mke hajarudi, wazee wa pande zote mbili watakaa kikao. Hebu fikirieni. Wazee kumi wamekunja miguu kwenye jamvi wanajadili kwa nini mimi siongei na mke wangu! Leo ni Jumamosi. Ilikuwa lazima niende.

Shida ni kwamba kusema sijui. Nimekulia nyumba ambayo baba akitaka chumvi, anaitazama chumvi, na mama anaileta. Kijiweni tunakaa wanaume sita mchana kutwa, tukiagana tunasema leo tumepiga stori kweli, kumbe tumeongelea mvua na mpira. Zaina na dada zake wanaweza kuongelea kikombe kimoja kilichovunjika tangu adhuhuri mpaka alasiri, na wakinyanyuka hapo kila mmoja anajua moyo wa mwenzake umekaaje. Nawaonea wivu, wallahi.

Basi asubuhi nikawasha pikipiki. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mkonge na jua lilikuwa bado linajishauri. Nikaenda taratibu. Barabara ilikuwa tupu, hewa ina harufu ya udongo uliolowa, na mimi ndani ya helmeti nikaanza mazoezi. "Zaina mke wangu..." Ajabu ni kwamba maneno yalikuja. Yalikuja moja moja, halafu mawili mawili, mpaka nikawa naendesha kama mtu anayeota. Karibu na Handeni ng'ombe wa Wamaasai wakavuka barabara. Nikazima injini nikawasubiri huku naendelea kusema kwa sauti. Yule kaka aliyekuwa akiwachunga alinisikiliza kidogo, akatikisa kichwa, akasema, "Pole sana." Hata sikuona aibu. Nilijiona mwepesi, nimejaa maneno mpaka shingoni, na dunia yote nzuri.

Sasa hapa niwaeleze kitu, kwa wale ambao hawajaoa huku kwetu. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawaongei. Hamtazamani usoni, hamkai chumba kimoja, mkikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Ukiwa na neno unalipitisha kwa mtu. Siku hizi wengi wamelegeza, wengine wanachati kabisa na wakwe zao. Mama mkwe wangu hajalegeza hata uzi mmoja. Miaka miwili nimeoa pale, namfahamu kwa mgongo tu.

Nikafika saa tano. Uwanja umefagiwa, kimya, kuku wamejilalia kivulini. Nikapiga hodi nyumba kubwa, kimya. Nyuma kuna jiko la udongo, moshi unatoka polepole, na ndani nasikia mtu anakuna nazi. Mlango umerudishwa nusu. Kwenye ule uwazi naona pindo la kanga ya kijani, ile niliyomnunulia Zaina kwa mkono wangu mwenyewe Korogwe mjini.

Nikajua nikimwona usoni yote yatayeyuka. Basi nikageuka, nikaegemeza mgongo ukutani karibu na mlango, nikafumba macho.

"Usitoke," nikasema. "Na usinijibu. Nikikuona nitasahau. Nisikilize tu."

Nazi ikaacha kukunwa.

Nikaanza. Jamani, nilisema! Nikamwambia tangu ameondoka nakula nimesimama, maana nikikaa naona kile kigoda chake kitupu. Nikamwambia usiku nageuka upande wake nakumbatia mto, mto wenyewe haukoromi, na mimi siwezi kulala bila kukoroma kwake. Nikamwambia mgongo unaniwasha pale pale katikati ambapo hakuna mtu duniani anajua kunikuna kama yeye. (Endeleeni kusoma. Yapo mabaya zaidi.)

Kimya ndani. Nikajua ananuna bado. Nikaongeza.

"Ningekuja juzi," nikasema, "lakini namuogopa mama yako. Mama yako mkali, Zaina. Akikohoa tu nyuma ya nyumba, magoti yangu yanalegea. Nikamwomba Mungu leo nikukute peke yako."

Mle ndani mtu akakohoa.

Kikohozi kile nakijua. Kikohozi kipana, cha mtu mwenye mamlaka. Magoti yakalegea kama nilivyosema hapo hapo, nikateleza ukutani mpaka nikakaa chini. Nafumbua macho, namwona Zaina anakuja kutoka kisimani, ndoo kichwani, na nyuma yake bibi yake na fimbo yake.

Zaina akasimama. "Shabani! Unaongea na nani?"

"Na wewe," nikasema.

Bibi akachungulia jikoni. Akatoka. Akaitupa fimbo, akakaa chini katikati ya kuku, akacheka mpaka kilemba kikamvuka. Kumbe Zaina alimwazima mama yake kanga. Na mama wa watu angefanya nini? Kujibu hawezi, mimi mkwewe. Kutoka hawezi, nimeegemea hapo hapo mlangoni. Alikaa pale na nazi yake mkononi akanisikiliza yote, kuanzia kigoda mpaka mgongo.

Sauti ikatoka ndani, ya chini, imeelekezwa kwa bibi. Bibi akapangusa machozi akaanza kazi ya kupitisha maneno. Bibi na mimi ni watani, huniita mume wake, kwa hiyo hakunihurumia.

"Mume wangu, mkweo anasema salamu zako zimefika."

"Ahsante, bibi."

"Anasema yeye siyo mkali."

"Ndiyo, bibi. Siyo mkali kabisa."

Sauti ikanong'ona tena, mara hii kwa muda mrefu. Bibi akaacha kucheka. "Anasema ana miaka thelathini kwenye ndoa, hajawahi kuambiwa hata robo ya hayo. Anauliza, baba yenu yuko wapi?"

Wote tukageuka. Nyuma ya ghala, kwenye mkeka, hatua kumi kutoka nilipokuwa nimeegemea, baba mkwe alikuwa amejinyoosha chali. Macho ameyabana kabisa, kama anayemezeshwa dawa chungu.

"Mwambieni nimelala," akasema.

Hapo nilitaka ardhi ipasuke. Lakini Zaina hakuwa anacheka. Alishusha ndoo, akajifuta maji usoni, akaja akasimama mbele yangu.

"Hayo maneno amesikia mama," akasema. "Mimi nilikuwa kisimani. Mimi sijaambiwa kitu."

Nikafungua mdomo. Hakuna. Kigoda, mto, mgongo, vyote vimeondoka, na ule wepesi wa barabarani umekwenda na ukungu. Bibi ananitazama. Jikoni mama mkwe anasikiliza. Yule aliyelala ameinua kichwa. Zaina anangoja, na kidevu chake kimeanza kutetemeka. Nikaona kabisa kwamba nikisema "twende" tu, haji.

"Zaina," nikasema. "Nyumba imekuwa kubwa."

Ndiyo hayo tu. Safari yote ile, hayo tu. Sikuangalia ukutani, nilimwangalia yeye. Akainama, akaisogeza ndoo ukutani. Kisha akasema, "Ngoja nichukue begi langu." Nikalia kidogo. (Ni vumbi la ghala. Wanaume wenzangu mtanielewa.)

Tukala wali wa nazi ile ile. Baba mkwe alikula bila kuinua macho. Jikoni hakukutoka hata kikohozi, na nawaambia kile kimya kilikuwa na uzito wake, mzee alikuwa anakimeza pamoja na wali.

Wakati wa kuondoka baba mkwe akanisindikiza mpaka barabarani. Akamwambia Zaina atangulie kidogo. Akashika usukani wa pikipiki yangu, akatazama huku, akatazama kule, akakaribia sikio langu.

"Mkwe," akanong'ona. "Yale maneno. Mtu anaanzia wapi?"

Nikamwambia mimi nilianza kwa kumwomba asitoke na asijibu. Akaitikia kwa kichwa polepole, midomo inacheza, anakariri. Halafu akageuka akarudi nyumbani kwake, taratibu, kama mtu anayepeleka maji kwenye kikombe kilichojaa.

Basi nawaomba, msicheke. Mimi nichekeni kesho, nitavumilia. Lakini sasa hivi kuna mzee Kwaluguru amesimama nje ya jiko lake, amefumba macho, na ndani mtu ameacha kukuna nazi.