Kitindamimba wa Vibushuti

Jumamosi, 5 Julai

Balaa jema! Meshack anahamia Dodoma kikazi, kabla mwezi haujaisha. Ametutangazia leo barazani kwake, hapa Lemara, katikati ya mchezo. Wenzangu wakasikitika. Mimi pia nilisikitika, kwa muda wa kutosha kuonekana.

Maana Meshack ndiye Mfalme wa Vibushuti. Kwa faida ya atakayesoma shajara hii nikishakufa: Vibushuti ni watu wa kubuni, wafupi, ndevu hadi magotini, wanaishi chini ya ardhi na kuunda mitambo isiyofanya kazi. Sisi ni watu wazima wenye akili zetu ambao kila Jumamosi tunakaa mezani, tunarusha kete na kujifanya Vibushuti. Mke wangu Hedwiga huuliza hilo la akili limethibitishwa na nani.

Mfalme ana neno la mwisho. Na mfalme hukalia kiti cha kinyozi. Cha kweli! Cha chuma, ngozi nyekundu, kinapanda na kushuka, mali ya marehemu baba yake Meshack. Sasa kitakwenda kwa mrithi. Mimi hukalia ndoo iliyopinduliwa, na kwa kuwa nilijiunga wa mwisho, ndimi ninayetumwa soda. Nina miaka arobaini na moja! Nakitaka kile kiti. Nakitaka hadi naona haya.

Kila mtu anamtazama Elieshi, mwenye duka la dawa za mifugo Tengeru, kwa kuwa alianza pamoja na Meshack. Yeye anajitazama zaidi ya wote.

Jumapili, 6 Julai

Mungu hamtupi mja wake. Kitabu cha mchezo kina ukurasa mmoja tu kuhusu Vibushuti, na nusu yake ni picha. Historia yao haimo. Mila zao hazimo. Nani anamrithi mfalme? Kimya. Jana Meshack alisema mmoja wetu aandike historia na mila zao, zisomwe Jumamosi mbele ya kiti, ndipo mrithi ajulikane. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Elieshi akacheka, akasema kuuza kalamu si kuandika. Eti kwa sababu nina steshenari. Tutaona!

Nimeshinda kanisani nikiwaza. Hedwiga akaniuliza padri amehubiri nini. Nikasema urithi. Kumbe alihubiri unyenyekevu.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Duka langu la Engutoto limefungwa, kichwa kimefunguka. Historia imetoka yote! Zamani Vibushuti waliishi chini ya Mlima Kifuniko. Joto likazidi. Wakabomoa ubavu mmoja wa mlima ili wapate hewa, kisha wakagombana nani aurudishe. Kila kaka akasema kazi hiyo ni ya mwenzake, akaondoka zake. Hadi leo mlima uko wazi upande mmoja. Aliyebaki kufagia vumbi ni mdogo kabisa. Ndiyo maana nyumba na kiti ni vya kitindamimba, na wakubwa wakajitegemee.

Ndiyo, ni mila ya kwetu Kibosho. Ndiyo, ni mila ileile iliyompa mdogo wangu Allen nyumba ya baba na migomba yote, mimi nikapewa baraka. Nimeilalamikia miaka yote, hadi kwenye misiba. Lakini hii ni ya Vibushuti. Ni tofauti.

Tatizo moja: kwa umri mimi si mdogo. Sia, mwalimu wa chekechea, ndiye mdogo kundini. Nikawaza hadi chai ikapoa. Kisha nikaandika: Kibushuti hazaliwi siku aliyotoka tumboni, huzaliwa siku aliyokula loshoro na ukoo kwa mara ya kwanza. Nilitaka iwe mbege, pombe yetu ya ndizi. Lakini Elieshi ni Mmeru, huamini hata malaika wanakula loshoro, hayo mahindi yao na maziwa mgando, na kila Jumamosi hutuletea. Kwa loshoro hawezi kupinga. Na wa mwisho kula na ukoo ni nani? Ni mimi!

Jumatano, 9 Julai

Sia amepita dukani kutoa kopi za picha za wanyama. Akasoma historia yangu, akauliza wanawake wako wapi. Nimewasahau! Taifa zima, vita, ndoa, mitambo, na hakuna mwanamke hata mmoja. Akauliza kama Vibushuti huchipua shinani kama migomba.

Nimerekebisha. Mrithi aweza kuwa wa kike au wa kiume. Sia amefurahi mno, ameahidi kuniunga mkono. Na mimi sijapoteza kitu, maana yeye alinitangulia kujiunga.

Nimeongeza na hili: ndugu anayemtangulia kitindamimba ndiye atakayekipeleka kiti hadi ndani ya nyumba ya mrithi. Anayenitangulia ni Sia, na mumewe Abdiel ana pikapu. Wakati mwingine najiogopa.

Alhamisi, 10 Julai

Elieshi amepiga simu. Sauti ya asali. Amesikia kazi ni nzuri, anaomba kuongeza aya moja ndogo kuhusu heshima ya mzaliwa wa kwanza. Nikasema nitaangalia. Nikakata simu, nikaongeza aya moja ndogo ya kwangu: mila ikishasomwa mbele ya kiti, haibadilishwi na Kibushuti yeyote, hasa aliyeiandika. Hilo la mwisho nimeweka ili nionekane mtu wa haki.

Kisha nikaipiga laminesheni, plastiki juu na chini. Kila ukurasa. Sasa aje na kalamu yake.

Jumamosi, 12 Julai

 Niandike tu.

Asubuhi baridi kali, Meru haionekani kwa mawingu. Sia akaja na mama mkwe wake, Mama Tabea, aliyeshuka kutoka Akheri kuja kupima macho. Sia hakutaka kumwacha peke yake nyumbani. Nikampa shikamoo nzito, nikampokea mzigo. Mzigo wenyewe ulikuwa sufuria la loshoro. Nililibeba mwenyewe hadi mezani! Nikapakua mwenyewe! Yeye akanishukuru, akasema mwanangu umelelewa vizuri, akaketi kwenye ndoo yangu, akala.

Nikasimama nikasoma. Sauti ilikuwa nzuri. Makofi.  Halafu Elieshi akaomba, kwa upole wa mtu anayemficha ng'ombe sindano, nirudie aya ya loshoro. Nikairudia, kwa sauti kubwa zaidi. Akauliza: basi ni nani kati yetu aliyekula na ukoo mara ya kwanza siku ya karibuni zaidi?

Wote wakamgeukia Mama Tabea. Alikuwa anafuta bakuli kwa kidole.

Nikasema huyu ni mgeni. Sia akasema kwa mujibu wa historia yangu, aliyekula amezaliwa. Nikasema yeye ni mwanamke. Sia akanyoosha kidole kwenye aya ya wa kike au wa kiume. Nikasema basi tubadilishe kidogo. Meshack akagonga laminesheni kwa ukucha mara kadhaa, akinitazama kwa huruma.

Mama Tabea akauliza kama ufalme huu una vikao Jumapili, maana yeye ana kwaya. Akaambiwa hauna. Akapanda kitini. Elieshi akampandisha juu. Amri yake ya kwanza: yule kijana mwenye sauti nzuri akalete soda. Nikaenda. Nilitaka kulia pale kwa muuza soda, sioni aibu kusema.

Halafu kile kiti. Anayemtangulia kitindamimba sasa ni nani? Pikapu ya Abdiel ilipanda Akheri hadi tope lilipoanza. Kutoka hapo, kupanda katikati ya kahawa na migomba, ni mgongo wangu. Elieshi alikuja nyuma na mwavuli. Alikifunika kiti.

Jumapili, 13 Julai

Naandika nimelala kifudifudi. Hedwiga ananichua, anacheka, ananichua. Allen amepiga kutoka Kibosho, ameshasimuliwa yote. Anasema amefurahi kusikia hatimaye nimeikubali mila ya baba. Nimejifanya mtandao ni mbovu.

Lakini nimelipata tundu! Hakuna mahali nilipoandika kwamba Kibushuti hawezi kujitoa. Nimemtumia Meshack ujumbe: mimi si wa ukoo tena. Jumamosi ijayo mchezo uko Akheri, kwa Mama Tabea. Nitajiunga upya, nitakula loshoro upya, nitakuwa nimezaliwa upya, mdogo kuliko malkia. Kiti kirudi!

Sia anasema dada yake Mama Tabea atakuwepo pia, Mama Elinipa, anayekaa juu zaidi, kule hata pikapu haifiki. Anatamani kuujua mchezo. Aje! Nahitaji mashahidi.

Nimempigia Mama Tabea, nimemwamkia, nimeomba jambo moja tu: Jumamosi nipakuliwe mimi kwanza, kabla ya Mama Elinipa. Amekubali papo hapo. Akanisihi nije na viatu imara. Mama mwenye huruma sana yule.