Kabuzi Haruhusiwi Kukimbia

Wakazi wote wa Goma, pamoja na mlima wa moto Nyiragongo, walijulishwa rasmi kwamba Tume ya Katuni za Watoto Wadogo imepata rais wake. Rais huyo ni Papa Ntirenganya wa mtaa wetu wa Mabanga, mtu wa suti na muhuri. Tulipomwambia kwamba hiyo si kazi, alifuta muhuri wake vumbi, kwa maana mtu mkubwa hajibizani.

Faili ya kwanza iliyomfikia ilikuwa ya Kabuzi, mwana-mbuzi wa katuni anayechorwa na vijana wa Katoyi. Kabuzi alikuwa amewafundisha watoto wetu rangi, kuhesabu na kunawa mikono, nao wakampenda kuliko wajomba zao. Sasa Zéphirin, mchoraji wake, alileta kipindi kipya: mlima unawaka, Kabuzi anakimbia.

"Ile neno iondoke," alisema Papa Ntirenganya.

"Neno gani, Bwana Président?"

"Kukimbia. Waasi wako Masisi, na serikali ilishasema hakuna mutu anakimbia. Mbuzi yako inajua kupita serikali?"

"Lakini lava iko nyuma yake!"

"Lava haina kibali ya kuingia kwa televizyo. Akae chini, aseme: 'Tunangoja komunike.' Serikali ikishatangaza, atembee kwa utulivu."

Zéphirin akachora mbuzi aliyekaa, na kusema kweli alikaa vizuri. Tume ikapiga makofi, ikanywa soda. Kipindi kikarushwa, na wiki haikuisha, Mabanga nzima ikawa inaimba: mlima ukiwaka, keti, ngoja komunike. Hata sisi wazazi tuliimba. Watu waliojenga juu ya lava ya zamani, kwa mawe ya lava hiyohiyo, hawashindwi kuimba chochote.

Basi jioni ya Jumamosi moja, mbingu upande wa Munigi ikawa nyekundu.

Majirani hawajamaliza kusema "Yesu wangu," Papa Ntirenganya alikuwa ameshajitwika godoro. Ndipo akamwona binti yake Igihozo, wa miaka minne, ameketi katikati ya njia, mikono magotini. Watoto wa avenyu nzima walikuwa wameketi vilevile, mama zao wakiwang'oa kama mihogo.

"Igihozo, simama tuende!"

"Hapana, papa. Tunangoja komunike."

"Mimi ni papa yako!"

"Kabuzi hasimamake."

Akamnyanyua, mtoto akamponyoka, akarudi kuketi palepale. Hofu ikamshika Papa Ntirenganya. Huyu ndiye mtoto aliyeombewa kanisani miaka mingi, na harufu ya moto ilikuwa imeshafika puani.

Akampigia simu Mkurugenzi wa Matangazo, mwenye mamlaka ya kutoa komunike. Ilipokelewa na mtu anayehema.

"Mukubwa, tunaomba komunike! Watoto wanakatala kusimama!"

"Hakuna haja... Hali iko nzuri..."

"Uko wapi, mukubwa?"

"Kwa mupaka. Niko natembea kwa utulivu. Wewe mama, sogea, mimi ni Directeur!"

Simu ikakatika. Papa Ntirenganya akatupa godoro chini, akapanda juu yake, akasafisha koo.

"Komunike!"

Watoto wakageuza macho kwake.

"Kwa kuzingatia hali ya sasa, Tume inawaalika watoto wote kuanza mchakato wa kuhama kwa hiari..."

Hakuna aliyesogea. Igihozo akakunja uso.

"Papa, unasema nini?"

Nyuma ya nyumba za mwisho miti ilianza kupasuka kwa moto. Rais wa Tume akafungua mdomo, na neno alilolifukuza kwenye televisheni likamtoka kwa sauti ambayo hata mkewe hakuwahi kuisikia.

"Kimbieni! Watoto yangu, kimbieni!"

Wakainuka wote kwa mara moja. Igihozo alimpita baba yake bila kugeuka, naye akamfuata huku analia, suti imejaa vumbi, godoro amelisahau. Jirani yake Mama Pascasie, muuza makaa, akamfikia mbio, mtoto mgongoni na mwingine mkononi.

"Eh, Papa Président!" akasema. "Kumbe unajuaka Kiswahili."