Betri Nne za Harusi ya Nasreen

Jumatatu, 12 Januari

Leo historia imeanza. Nimenunua betri nne Gerezani. Kubwa, nzito, zimetumika kidogo tu. Muuzaji ameapa zilikuwa za mnara wa simu na zilitunzwa kuliko mtoto wa kwanza. Nimemwamini. Ana uso wa mwinjilisti.

Nimezileta Msimbazi kwa mkokoteni, mchana kweupe, ili mtaa mzima uone. Mtaa umeona. Awadhi, mpangaji wa chumba cha mbele, mkodishaji wa spika, viti na jenereta, ameniuliza kama Mangi nimeacha kuuza zipu na vifungo nikahamia vyuma chakavu. Ananiita Mangi kana kwamba Wachaga wote tulibatizwa jina moja. Jina langu ni Tarsis. Mtu wa jenereta ni mtu wa karne iliyopita.

Kisha nikaenda kwa Bi Chiku, mwenye nyumba. Nilimwamkia shikamoo mara mbili. Akaitika marahaba mara moja, akauliza nataka nini. Nikamweleza mpango. Paneli mbili za sola juu ya bati, betri ndani ya stoo ya uani, na siku ya hina ya mjukuu wake Nasreen, Jumamosi tarehe 24, umeme ukatike usikatike, sherehe haitatikisika. Feni sita, muziki, friji ya juisi. Najua Awadhi alishaahidi jenereta yake. Lakini kwenye maulidi ya mwaka jana moshi wa jenereta hiyo uliingia kwenye pilau, na watu hawajasahau.

Bi Chiku amekubali kwa sharti moja. Feni zikisimama siku ya Nasreen, paneli zinashuka, betri zinatoka, na mambo yote ya umeme nyumba hii ni ya Awadhi maisha. Nimesema nakubali. Mke wangu Hyasinta anasema nilikubali haraka mno.

Jumatano, 14 Januari

Paneli ziko juu. Mimi pia nilikaa juu, saa nzima baada ya kumaliza, kwa sababu Awadhi aliondoa ngazi. Anasema alidhani nimeshashuka. Ngazi ni yake, sawa, lakini alikuwa anakunywa kahawa chini yangu akinitazama!

Hasara ya leo: suruali ya kanisani. Maji ya betri yameirukia wakati naunganisha nyaya. Asubuhi haikuonekana kitu. Kufika mchana, kila nikikaa, tundu jipya. Hyasinta amehesabu kumi na saba. Nimemweleza kwamba kila mvumbuzi ana kitu alichokitoa sadaka. Ameuliza kwa nini mvumbuzi hakuvaa kaptula.

Amekisoma kijitabu cha betri chote, mwanamke huyu. Anasema kila mwezi zifunguliwe, zikaguliwe, ziongezewe maji maalumu yaliyosafishwa, si ya bomba. Nimelazimika kuyanunua. Betri zangu sasa zinakunywa maji safi kuliko mimi.

Taa ya kwanza imewaka saa moja jioni. Balbu moja tu, uani. Watoto wa wapangaji wamepiga makofi. Nilifurahi, nakiri. Nilifurahi mpaka nikasahau kula.

Ijumaa, 16 Januari

Maafa! Jengo la jirani limefika ghorofa ya saba. Juzi jua lilikuwa langu mpaka saa kumi. Leo limeniaga saa saba mchana. Kivuli kinapanda juu ya bati taratibu, kama mgeni anayejua hatafukuzwa. Betri hazijai hata nusu.

Nimekwenda kumwomba msimamizi wa ujenzi asogeze kidogo. Akauliza asogeze nini. Nikamwonyesha jengo. Mafundi wamecheka kuanzia wa chini mpaka wa juu kabisa.

Jumapili, 18 Januari

Wazo limenijia katikati ya mahubiri! Betri inalisha inverta. Inverta inatoa umeme wa plagi. Kwenye plagi nachomeka chaja. Chaja inajaza betri. Betri inalisha inverta. Umeme unaojilisha wenyewe! Dunia nzima haijawahi kuliwaza hili? Nilitoka kanisani kabla ya matangazo.

Saa sita nimeunganisha. Taa ya chaja ikawaka kijani. Nikamwita Hyasinta awe shahidi. Akatazama, akauliza kama ng'ombe akinywa maziwa yake mwenyewe atanenepa. Nikamwambia elimu ya umeme haina ng'ombe.

Saa tisa betri zote nne zilikuwa zimekwisha umeme kabisa. Hyasinta alipita mbele yangu mara tatu akipiga mluzi.

Jumanne, 20 Januari

Siku nne zimebaki. Siogopi. Naogopa. Nasreen amealika mpaka shangazi zake wa Bagamoyo, na joto la wiki hii unaweza kukaangia samaki.

Basi nimefanya lililo la busara. Nimechomeka chaja kwenye umeme wa nyumba. Waya umepita nyuma ya magunia ya mkaa, hauonekani. Betri ni betri, haziulizi umeme umetoka wapi. Zinajaa vizuri ajabu! Bi Chiku amechungulia, ameona taa ya kijani, amesema mashallah, kumbe jua la Januari si mchezo. Nikasema kweli, si mchezo.

Jioni kikao cha wapangaji. Luku yetu ya pamoja, umeme tunaoulipia kabla ya kuutumia, inakwisha mbio, na hakuna ajuaye sababu. Macho yote yamemwelekea Awadhi na pasi yake. Awadhi ameapa kwamba anapiga pasi shati moja kwa wiki. Kisha nikasema, kwa upole, kwamba pasi hula sana umeme. Huo si uongo. Pasi hula sana umeme.

Alhamisi, 22 Januari

Awadhi ameonekana mlangoni pa stoo. Amesimama, ametazama, ameondoka. Ujasusi! Ama anataka kuiga mtambo wangu, ama anataka kuuharibu.

Nimechukua hatua. Swichi kubwa, ile inayowasha kila kitu kutoka kwenye betri, nimeibandikia karatasi yenye fuvu la kichwa: HATARI. KIFO. USIGUSE. Pembeni yake nimefunga swichi nyekundu, nzuri, isiyounganishwa na chochote, nikaandika WASHA HAPA. Adui abonyeze mpaka kidole kiote sugu! Siri naijua mimi peke yangu. Siku yenyewe nitasimama palepale, umeme ukikatika tu, nabonyeza.

Nimemsimulia Hyasinta. Ameuliza kama nina hakika nitakuwepo. Swali gani hilo? Ametabasamu, akaendelea kushona pindo la dera lake la sherehe.

Jumamosi, 24 Januari

Niandike kwa utaratibu.

Saa nane mchana nimefika mlango wa uani, shati jipya, bisibisi mfukoni. Bi Chiku ameilaza fimbo yake mlangoni. Ni sherehe ya wanawake. Wanaume nje! Nimeishi nyumba hii miaka kumi na moja. Kila shughuli ya hina nimekula pilau nje. Na jambo hili halikunipitia akilini hata mara moja! Nilimwambia leo mimi si mwanamume, ni fundi. Akaniuliza kama ni hivyo, baba yake Jovitha ni nani. Jovitha ni binti yangu, yuko shule ya bweni, na tunafanana pua. Wanawake wote nyuma ya Bi Chiku waliangua kicheko, akiwemo mama yake Jovitha. Mlango ukafungwa.

Nikakaa kibarazani na Awadhi. Naye alipanga spika asubuhi, akatolewa. Tuliletewa pilau sinia moja. Tukala, kila mtu upande wake wa sinia. Ndani taarabu, vigelegele, vicheko. Hyasinta akiimba kuliko wenye shughuli yao. Umeme ulikuwepo, feni zote sita zilikuwa zinavuma, nami nikaanza kuamini kwamba mtambo wangu hautahitajika kabisa.

Saa kumi kasoro robo, muziki ukakatika katikati ya neno. Feni zikapunguza mwendo, zikasimama. Kisha ukelele: poda ya bi harusi inayeyuka!

Nikamwambia Awadhi, kwa maringo, kwamba umeme umekatika na sasa ataona kazi ya sola. Awadhi akanyoosha kidole kuelekea duka la kanzu ng'ambo ya barabara. Taa zao zinawaka. Feni yao inazunguka. Umeme haukukatika popote. Luku yetu ndiyo iliyokwisha, na aliyeimaliza nilikuwa namjua toka utotoni.

Awadhi akaniangalia usoni. Akaangalia duka. Akanirudia tena usoni. Kisha akacheka mpaka akakaa chini vumbini.

Nikakimbilia uchochoroni, kwenye kidirisha cha stoo, Awadhi nyuma yangu. Nikapanda kreti ya soda, nikafumba macho kwa heshima, nikapiga kelele wabonyeze swichi. Nikasikia tiki. Tiki. Tiki, tiki, tiki. Wanabonyeza nyekundu! Nikasema si hiyo, ni ile yenye fuvu. Shangazi mmoja wa Bagamoyo akatangaza kwamba huyu Mchaga anataka kuwamaliza ukoo mzima. Nikaapa kwa mama yangu mzazi. Wakasema hata wauaji huapa. Nikamwita Hyasinta, nikamwambia yeye ananijua. Akajibu kwamba ndiyo sababu hagusi.

Dakika saba! Nilizihesabu kwenye simu. Niliziona paneli zinashuka na betri zinapanda mkokoteni. Lakini kilichoniuma zaidi si hicho. Nasreen nimemjua anatambaa uani humu. Alikuwa akija kulala mchana kwenye marobota yangu ya zipu. Leo ni siku yake, na ameketi anatoka jasho kwa sababu ya ubishi wangu. Nilikuwa na aibu kubwa.

Ndipo nikasikia Bi Chiku akiwaambia wapishe. Akasema ana miaka sabini na nane, amezika waume wawili, na siku yake ikifika haitaletwa na karatasi ya Tarsis. Akaisukuma swichi kwa ncha ya fimbo.

Feni! Zote sita! Muziki ukaanza upya, vigelegele vikapasua anga la Msimbazi! Nikaanguka kutoka kwenye kreti, nikamwangukia Awadhi. Hakunitukana. Tukashikana mikono tukacheza uchochoroni, wanaume wazima wawili, mpaka watu wa duka la kanzu wakatoka kutushangaa. Nililia kidogo. Nilimwambia Awadhi ni jasho. Betri zilihimili mpaka mgeni wa mwisho alipoaga.

Jumapili, 25 Januari

Hukumu, baada ya chai ya asubuhi.

Awadhi hakunisema. Alitaka kitu kimoja tu, pasi yake isafishwe jina mbele ya wapangaji wote, na niisafishe mimi. Basi nikaeleza. Chaja, waya, magunia ya mkaa, luku. Nilijaribu kueleza pia kivuli cha ghorofa lakini hakuna aliyekuwa akisikiliza.

Bi Chiku akasema feni zilisimama dakika saba na sharti ni sharti. Sikujitetea. Lakini Nasreen, mikono imejaa hina, ndoa yake ni Ijumaa, akakaa pembeni ya bibi yake. Alisema tangu alfajiri shangazi zake hawasimulii nguo wala chakula, wanasimulia namna Bibi alivyokisukuma kifo kwa fimbo. Alisema amecheka jana kuliko siku yoyote ya maisha yake na anaomba betri zibaki. Bi Chiku alijaribu kununa. Akashindwa. Akaomba asimuliwe tena ile sehemu ya fimbo.

Betri zinabaki! Paneli zinabaki! Ufunguo wa stoo amekabidhiwa Hyasinta, ndiye fundi wa nyumba kuanzia leo. Karatasi zangu zimebanduliwa. Nisisogelee stoo chini ya hatua kumi, na luku ya mwezi huu ni juu yangu. Hyasinta ameshafungua betri zote, amezikagua, ameziongezea maji. Alivaa kaptula yangu.

Jumatatu, 26 Januari

Nimetafakari kwa unyenyekevu mkubwa. Nimejichunguza kila upande. Sikukosea popote. Tatizo lilikuwa mlango.

Na dunia imeshaanza kunielewa. Saa nne asubuhi ameingia dukani shangazi wa Bagamoyo, yuleyule aliyesema nataka kuwamaliza. Sikumkumbusha. Mwezi wa nne anamwoza binti yake, huko kwao, na anamtafuta fundi Hyasinta. Nikamwambia Hyasinta hapokei kazi ila kupitia kwangu, mimi ni kama mkurugenzi. Akauliza kama betri zile zinaweza kuendesha feni nane.

Feni! Nikamhurumia. Nikamwambia siku hizi feni ni mambo ya zamani, harusi yenye heshima ni ya kiyoyozi. Macho yakamng'aa. Nimemwahidi viwili. Hyasinta sijamwambia bado, ana kazi nyingi. Lakini sioni ugumu wowote. Kiyoyozi ni nini? Ni feni iliyokwenda shule tu.