Mdomo Wangu Kwenye Televisheni ya Mama Mkwe

Jamani wa group yetu, leo nimeumbuka. Nimeumbuka kwa inchi arobaini na tatu, rangi zote zikiwemo. Barasa na Kiprop, msianze kucheka, kwa sababu hata majina yenu yamesomwa kwa sauti mbele ya akina mama wa jumuiya ya kanisa. Mtaelewa tukifika hapo. (Mimi mwenyewe bado sijaelewa vizuri.)

Mnamjua shemeji yangu Nafula, kitinda mimba wa ukweni, yule aliyeenda Italia kuwa mtawa. Leo alikuwa anaweka nadhiri za daima. Mama mkwe hangeweza kwenda. Mguu unamsumbua, na Italia si Webuye. Wiki nzima amekuwa akimlilia mke wangu Nekesa kwa simu: "Mtoto wangu anajitoa kwa Mungu mzimamzima, na mimi mama yake niko hapa Kamukuywa nachambua maharagwe." Nilimhurumia sana. Watawa walikuwa wametuma kiungo cha kutazama misa moja kwa moja, saa tano ya huku. Nikajitia ushujaa.

"Mwambie mama asilie," nikamwambia Nekesa. "Nafula nitamleta hadi sebuleni."

(Maneno makubwa ya mtu anayeuza chakula cha kuku Kitale.)

Nikanunua kile kidude kidogo kinachochomekwa nyuma ya televisheni kivute vitu kutoka kwa intaneti. Muuzaji aliniambia ni kazi ya dakika tano. Huyo jamaa Mungu anamwona.

Sasa, kwa wale hamjaoa kwa Wabukusu, lazima niwaeleze kitu. Mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hatukai chumba kimoja. Hatupeani mkono. Hatutazamani usoni. Na kubwa kuliko yote, mkwe hali mbele ya mama mkwe. Kinywa changu yeye hana shughuli nacho kabisa. Nimekuwa mkwe miaka tisa, na mama mkwe namjua kwa sauti na kwa mgongo tu. Mimi naipenda hiyo desturi. Hatujawahi kukosana hata siku moja. Tungekosania wapi?

Basi asubuhi tukafika Kamukuywa. Mama mkwe akajifungia chumbani ili niingie sebuleni nifanye kazi. Nikachomeka kidude. Televisheni ikawaka. Nikapiga kifua.

Kidude kikaniuliza lugha. Nikabonyeza haraka bila kusoma, kikaanza kuniandikia Kituruki. (Nadhani ni Kituruki. Herufi zilikuwa na vitone mahali pasipofaa.) Nikahangaika mpaka nikakirudisha. Kikataka namba ya siri kutoka kwa simu. Simu ikasema namba imetumwa kwa barua pepe. Barua pepe ikataka kujua kama mimi ni roboti. Nikasema hapana. Haikuamini! Ikaniwekea picha nichague zenye taa za barabarani. Nikachagua. Ikasema nimekosea, nirudie. Wakati huo hata mimi nilikuwa nimeanza kujishuku.

Nilipoingia hatimaye, kidude kikasema subiri, kinajiboresha. Kikaanza kuzunguka. Kaka yake Nekesa, Wafula, akawa amesimama kando yangu na mikono kiunoni.

"Shemeji, hii kitu inaboresha nini na si ni mpya?"

"Sijui, Wafula."

"Si ungenunua ile imeboreshwa tayari?"

Kabla sijamjibu tukasikia nyimbo langoni. Akina mama wa jumuiya wamefika, vitambaa kichwani, rozari mkononi. Mama mkwe naye akabisha mlango wake kwa ndani, yaani mkwe ondoka, wenye sebule tunakuja. Nikatolewa mlango wa nyuma nikiwa na simu yangu peke yake. Nikapelekwa kwenye simba ya Wafula, kile kijumba chake cha ujana kilicho ng'ambo ya ua. Mashine ya Wi-Fi ya boma imefungwa humo, ile aliyoiweka kwa ajili ya mpira.

Mpango ukawa rahisi. Mimi nitarusha skrini ya simu yangu ionekane kwenye televisheni, kisha nifungue misa. Wafula atakaa sebuleni aniambie kinachotokea kupitia dirishani. Nikabonyeza. Simu ikaandika kwamba inaunganisha. Nikangoja. Ikaandika imeshindwa. Nikabonyeza tena.

"Wafula! Kuna kitu?"

"Kuna weusi tu, bana! Ngoja niingie nyuma nikaze hizi waya!"

Hapo, wandugu, ndipo mambo yalipoharibika. Wafula akaingia nyuma ya televisheni. Yaani mtu pekee aliyetakiwa kuitazama skrini ndiye alikuwa haioni.

Mara nikaletewa kuku. Ukweni lazima uchinjiwe. Nikatafuna huku nikibonyeza simu kwa kidole kimoja. Ikaanza kuzunguka tena, nami nikaiacha izunguke. Nikasema wacha nipitie kwa group kidogo nipunguze presha. Na nyinyi mlikuwa mnaningoja! Mnakumbuka tulivyoandikiana?

Barasa: "Ukweni kuko aje? Umechinjiwa?"

Mimi: "Nimechinjiwa. Lakini huyu kuku ni babu ya mtu. Taya imechoka."

Kiprop: "Labda ni yule jogoo wa kuamsha kijiji."

Mimi: "Huyu aliamsha wakoloni."

Nikajichekea peke yangu mle ndani. Kumbe skrini ilikuwa imeunganika zamani. Kumbe sebuleni kuna Mwalimu Rispa, aliyefundisha darasa la nne maisha yake yote, na hawezi kuona maandishi akaacha kuyasoma kwa sauti. Nekesa ameniambia baadaye kwamba alisoma yote, neno kwa neno. "Barasa. Nukta mbili. Ukweni kuko aje. Alama ya kuuliza." Akina mama walidhani ni maneno ya misa! Walijibu "Amina" kwa lile la Barasa. Ni pale jogoo alipoamsha wakoloni ndipo mmoja akauliza kama huyo ni mtakatifu gani.

Mimi nikasikia kelele. Nikainua shingo.

"Wafula! Kuna nini?"

"Inaenda poa!" akajibu kutoka nyuma ya televisheni. "Naona mwanga kwa sura zao! Endelea tu hivyo hivyo!"

Nikaendelea hivyo hivyo.

Simu ikaita. Ni Nekesa, ambaye kwenye simu yangu nimemwandika "Serikali". Nikaona anataka kunisukuma, nikakata. Akapiga tena. Nikakata tena. (Sebuleni Mwalimu Rispa alitangaza, "Serikali inapiga. Serikali imekatwa.")

Sasa yule kuku alikuwa ameniacha na uzi wa nyama kati ya meno mawili ya nyuma. Mnajua vile kitu kama hicho kinasumbua. Ulimi haufiki, kidole hakiingii. Kioo hakuna, Wafula hajui kioo ni nini. Basi nikafungua kamera ya mbele ya simu. Nikaisogeza karibu. Nikapanua mdomo mpaka mwisho. Nikavuta shavu kando kwa kidole, nikatoa ulimi nje, nikaanza kuchokonoa kwa kijiti cha kiberiti huku nikisema "aaaah."

Nikasikia mayowe ya aina ambayo sijawahi kusikia kwa watu wanaosali.

"Wamefurahi sana!" Wafula akapiga kelele dirishani. "Usibadilishe kitu!"

Sikubadilisha. Nikapanua zaidi.

Mlango wa simba ukafunguliwa kwa teke. Ni Nekesa, mwiko mkononi, jasho usoni.

"Funga mdomo!"

"Kwani nimesema nini?"

"Mdomo wako uko sebuleni!"

Nikaushika. "Uko hapa."

"Uko sebuleni, baba watoto! Kwa televisheni! Mama anauangalia! Na kuku wake ako ndani!"

Niliangalia simu. Simu ikaniangalia na mdomo wangu mwenyewe, umepanuka, kijiti kikining'inia. Hapo juu pembeni kulikuwa na kialama kidogo cha bluu cha kusema unaonyesha skrini. Kilikuwa hapo muda wote, mimi nilidhani ni cha betri. Wandugu! Miaka tisa ya heshima! Ningeonekana nimevaa vibaya ningesema ni upepo. Lakini ulimi? Jino la mwisho? Kile kilimi cha kooni? Hata daktari hajaniona hivyo.

"Nafula!" Nekesa akasema, sauti imeanza kukatika. "Saa tano imepita. Mama atamkosa."

Hapo aibu ikanitoka kwanza, hofu ikaingia. Kwa haraka nikafungua kikokotoo. Nikafunga. Nikafungua kile kiungo. Ikazunguka. Nikasema Mungu wangu, kama kuna adhabu nipe mimi, huyu mama umwonyeshe mtoto wake.

Picha ikaja. Kanisa kubwa, maua meupe, na Nafula amelala kifudifudi sakafuni mbele ya altare.

"Uuuwi! Mbona amelala chini?" Sauti ya mama mkwe ilivuka ua mzima. "Ameanguka?"

"Tulia, dada," akasema Mwalimu Rispa. "Ndivyo wanafanya. Anajitoa."

Nafula akainuka. Akasema nadhiri zake kwa Kiitaliano ambacho hakuna mtu Kamukuywa alikielewa, na kila mtu akakielewa. Akavishwa pete. Akageuka kidogo upande wa kamera, na mle sebuleni vigelegele vikapasuka mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Nekesa alikuwa amekaa kitandani kwa Wafula, mwiko mapajani, analia. Mimi pia nililia. Sitaki maswali.

Misa ilipoisha nikakataa kutoka nje. Nilibaki nikisikiliza kesi yangu ikiamuliwa uani. Mmoja akasema mkwe amevunja heshima, alete kondoo wa kusafisha. Mwalimu Rispa akasema hapana, kilichoonekana ni picha, na picha si mtu. Yule wa kwanza akauliza ni picha gani inasema "aaaah". Mwingine akasema kama Nafula wa kwa televisheni ni Nafula kweli mpaka tumempigia vigelegele, basi na mdomo wa kwa televisheni ni mdomo kweli. Wakakwama hapo. Hata mimi sikujua niunge mkono upande gani.

Kisha nikasikia hatua za mtu anayevuta mguu. Zikasimama nje ya mlango wa simba. Nikachungulia upenyoni nikaona mgongo ninaoujua.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Nimemwona mtoto wangu. Shingo imekonda. Pete imemlegea kidogo, na ile alama ya tetekuwanga bado iko hapo kwa nyusi. Mungu akubariki wewe na hicho kitu chako."

"Asante, mama. Na kuhusu yale ya kwanza, mama, naomba..."

"Yapi? Mimi hayo ya kwanza sikuyaona. Sikuwa na miwani."

Akaondoka polepole akiimba. Kesi ikaishia hapo, maana mwenye kuumizwa amesema hakuona. Nilipumua pumzi ya tangu asubuhi.

Tukiwa njiani kurudi Kitale nikamwambia Nekesa, "Angalau Mungu ni mwema. Mama hakuwa na miwani."

Nekesa akanigeukia.

"Miwani gani? Mama hajawahi kuwa na miwani. Anatia uzi kwenye sindano hata bila kukunja jicho."

Basi, wandugu, ninawaomba kitu kimoja tu. Na nyinyi pia leo hamkuwa na miwani.