Tiba ya Blakikaranti na Kiti cha Dirishani

Jumatatu, 3 Machi
Bosi wa kiwanda chetu cha uchapaji kaniita. Akasema kwa adabu kwamba mwalimu, macho yamechoka: nivae miwani, la sivyo Ijumaa kiti changu cha usahihishaji, pale dirishani, anapewa shemeji yangu, mpangaji kurasa. Miwani! Miaka thelathini ya ualimu sikuivaa. Nimenunua dondoo ya blakikaranti. (Ifahamike: ni tunda dogo jeusi la nchi za baridi. Si zabibu. Muuzaji anaapa linanoa macho kama tupa inavyonoa panga.)

Jumanne, 4 Machi
Vijiko vitatu, bila maji. Ulimi umekuwa zambarau. Mke wangu kauliza kama nimelamba muhuri. Shemeji akadakia kwamba nikipiga chafya, kiwanda kitapata wino wa bure. Mwenye wivu na ajinyonge.

Jumatano, 5 Machi
Nimeongeza dozi: kikombe asubuhi, kikombe mchana, palepale mezani. Nimesahihisha kadi ya harusi. Sikuona kosa hata moja! Dawa inaingia. (Kwa faida ya vizazi: kiwandani kwetu, duara la zambarau maana yake futa kilichomo. Leo sikuchora hata moja.)

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Kadi mia tatu zimeshachapwa. Mama wa bwana harusi kaja anahema, anauliza mwanawe kakosa nini. Kadi inasema binti ataolewa na Jumamosi saa tisa. Jina la bwana harusi halipo! Ikaletwa nakala yangu. Juu ya jina, duara safi la zambarau, ukubwa wa kitako cha kikombe. Shemeji akasema yeye ni nani hata ambishie mwalimu. Alichekelea hadi magego yakaonekana, naambiwa.

Ijumaa, 7 Machi
Kiti kimekwenda. Shemeji keshakizungusha mara mbili kukijaribu. Mimi nakunja bahasha mlangoni, tena na miwani, kwa amri ya bosi na mke wangu kwa pamoja. Nimeivaa ili wanyamaze. Kisha nikaishika chupa na kusoma yote, hata maandishi ya ukubwa wa sisimizi: kinywaji cha watoto, ladha tu, tunda halimo. Nimesoma yote! Jumatatu nisingeona hata herufi moja. Dawa hii ni kiboko! Mke wangu akawa ananyooshea kidole pua yangu, sikumwelewa. Kesho naanza kuipaka magotini.